Shule ya chama, shule ya serikali: mwalimu analipwa na nani?

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za mchana. Nimekuwa mhasibu wa shule miaka mingi, kwa hiyo mtanivumilia nikianza na karatasi.

Nimeshika fomu mbili za kujiunga na kidato cha kwanza. Moja ni ya sekondari ya serikali ya kutwa, nyingine ya shule ya Jumuiya ya Wazazi ya CCM. Katika ya serikali, ada haipo. Katika ya Wazazi ada ndiyo mstari wa kwanza, umekolezwa wino, na chini yake namba ya akaunti ya benki. Kila Januari hakosi mzazi wa kunijia juu: "Chama ndicho kinachotawala, mbona shule yake inanitoza?"

Simcheki. Jumuiya ile ilianza mwaka 1955 kwa jina la TAPA, yaani umoja wa wazazi Waafrika wa Tanganyika, bega kwa bega na TANU, chama kilichokuja kuzaa CCM, ikifungua madarasa kwa watoto waliokosa nafasi kwa mkoloni. Halafu tukaishi na chama kimoja hadi 1992. Aliyebeba matofali enzi zile, nani angemwambia hili la chama, lile la serikali? Ila kwenye vitabu vya hesabu ni mifuko miwili. Shule ya Wazazi ni shule isiyo ya serikali, kama ya kanisa au ya mtu binafsi, na Hazina haimlipi mwalimu wake.

Hapo ndipo penye mzigo. Tuseme shule ina walimu 14, kila mmoja analipwa 600,000 kwa mwezi. Hiyo ni milioni 8.4 kwa mwezi, milioni 100.8 kwa mwaka. Wanafunzi wakiwa 400, kila mzazi anabeba 252,000. Wakibaki 200, anabeba 504,000, na hatujanunua hata chaki. Shule za kata, za serikali, zilipomwagika nchi nzima baada ya MMES, mpango wa serikali wa kupanua elimu ya sekondari, kuanza 2004, shule nyingi za Wazazi zilipungukiwa watoto, lakini mwalimu wa fizikia humkati nusu kwa sababu darasa limebaki nusu.

Sasa geuzeni upande wa pili. Kabla ya 2016 sekondari ya serikali ilitoza ada ya 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukaifuta hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikawa zamu ya cha tano na cha sita. Lakini piga hesabu: darasa la watoto 50 kwa 20,000 ni milioni moja kwa mwaka mzima. Haimlipi mwalimu hata mmoja! Mshahara ulikuwa ukitoka Hazina siku zote. Kilichofutwa ni kile kipande kidogo tulichokuwa tunakiona kwenye risiti.

Kwa hiyo msilinganishe ada na ada. Kwa mtoto wa kutwa serikalini, sare ni yako, madaftari ni yako, chakula cha mchana ni chako, na shule ikiwa mbali, nauli kwenda na kurudi. Andika yote hayo kwenye karatasi moja. Kisha chukua fomu ya Wazazi, uliza kama chakula na bweni vimo ndani ya ada au vina mstari wao. Mara nyingi serikali bado itakuwa nafuu, sifichi, lakini pengo halitakuwa lile la sifuri dhidi ya malaki.

Mama pale nyuma ameuliza: akilipa muhula wa kwanza, watoto wengine wakahama, ada si itapanda? Inaweza, mama. Kabla hujaenda benki, nenda shuleni siku ya kawaida, saa nne asubuhi, simama mlango wa kidato cha pili uhesabu madawati yenye watoto. Yale ya kwenye picha ya fomu yaache.