Printa inajiprintia yenyewe kila ukiwasha kompyuta? Fuata hivi

Haya wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo kabla sijaongea chochote sikilizeni kwanza huu mlio… umeusikia? Hapo sijagusa kitu, nimewasha laptopu tu, hata paswedi sijamaliza kuandika, na printa imeshaanza kuvuta karatasi.

Hii printa si yangu, ni ya mama mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi, anaprinti mitihani ya watoto hapa hapa nyumbani. Kanipigia juzi, hata shikamoo sijamaliza, ananiambia mwanangu njoo uangalie hili dude lako ulilonichagulia, lina mashetani. Kila asubuhi akiwasha kompyuta inaanza kumtolea mtihani wa darasa la nne ambao alishauprinti wiki iliyopita, anakimbia anaizima, akiiwasha tena zinaanza kutoka karatasi zenye kamstari kamoja tu ka herufi za ajabu juu, nyeupe yote chini, moja baada ya nyingine mpaka trei inaisha. Nimezishika hapa, sogeza kamera kidogo, mnaona hii? Alama ya dola, kopa, herufi zenye vikofia, halafu basi. Rimu nzima imebaki nyembamba kama daftari.

Sasa msianze kuifungua printa na bisibisi, printa haina kosa lolote. Tatizo liko kwenye kompyuta. Ukibonyeza kuprinti, ile kazi haiendi moja kwa moja kwenye printa, inaandikwa kwanza kwenye diski ya kompyuta, inakaa foleni, halafu kuna huduma ndani ya Windows inaitwa Print Spooler ndio inaichukua na kuimimina kwenye printa kidogo kidogo. Na kwa sababu imeandikwa kwenye diski, ukizima kompyuta haifutiki, umeme ukikatika haifutiki, kesho ukiwasha spooler inaamka, inakuta kazi ya watu haijaisha, inaanza upya ukurasa wa kwanza. Mama mdogo siku ile umeme ulikatika katikati, nakala 45, akaenda kumalizia steshenari akajua yameisha, kumbe kazi bado ipo.

Na hizi herufi za ajabu? Hapa ndio patamu. Akiona inaprinti anaizima printa, si ndio? Printa ikizimwa inasahau ilichoambiwa mwanzo, lakini kompyuta haijui, inaendelea kumimina ilipoishia. Printa ikiwaka inapokea kipande cha katikati, haina ule mwanzo unaoiambia hii ni picha, hii ni herufi, karatasi saizi hii, basi inachukua kila inachopewa inakiprinti kama maandishi. Na kazi yenyewe haifiki mwisho, kwa hiyo kesho inarudi tena. Yaani ile kuizima kwake ndio ilikuwa inaifuga.

Twende kazini. Kwanza toa karatasi zote kwenye trei, usiringe, zitoe, ili hata ikikorofisha isile karatasi. Pili zima printa na uchomoe waya wa USB nyuma ya kompyuta. Kama unatumia wifi, we izime tu printa inatosha.

Tatu, tujaribu njia ya kistaarabu. Ingia Settings, Bluetooth & devices, Printers & scanners, chagua printa yako, halafu Open print queue. Kwenye Windows 10 ni Devices badala ya hiyo Bluetooth & devices, mengine yanafanana. Hii hapa foleni, mnaona, mtihani huo, kurasa nyingi, status imeandika Deleting. Aliwahi kubonyeza Cancel, sasa inafuta toka juma lile haijamaliza kufuta, na ukibonyeza tena haisikii. Kama yako imefuta vizuri ikapotea, hongera, ruka mpaka pale nitakaporudisha waya. Ikiganda kwenye Deleting tuendelee wote.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kanatokea kaboksi kadogo, andika services.msc, enta. Inakuja listi ndefu, usiogope, shuka mpaka herufi P, tafuta Print Spooler. Raiti kliki, Stop. Stop, sio Pause na sio Restart, hapo wengi wanakosea, wanapiga Restart inasimama na kuamka hapo hapo na ile kazi inaikuta pale pale. Tunataka ikae imesimama kwanza. Hili dirisha usilifunge, tutalirudia.

Sasa Windows na R tena, andika hivi, angalia vizuri kwenye skrini:

C:\Windows\System32\spool\PRINTERS

Enta. Itakuambia huna ruhusa, bonyeza Continue. Na hawa hapa ndio mashetani ya mama mdogo. Mawili tu. 00014.SPL na 00014.SHD. Hii SPL ndio mtihani wenyewe ulivyopikwa tayari kwa printa, ndio maana ni kubwa hivyo, na hii SHD ni kama kikaratasi cha maelezo tu, kazi ya nani, printa gani, mipangilio gani. Chagua vyote, Ctrl na A, halafu Delete. Futa vilivyomo ndani tu jamani, folda lenyewe liache, usilifute, na usizurure humo System32 kufuta kitu kingine kwa sababu umeona jina hulielewi. Ikikuambia faili linatumika ujue spooler haijasimama, rudi nyuma ukaisimamishe.

Ukikuta folda tupu kabisa na spooler imesimama, basi foleni yako ni safi, ugonjwa wako mwingine, nitaugusa mbele.

Rudi kwenye lile dirisha, raiti kliki Print Spooler, Start. Wale wa skrini nyeusi mnaweza kufungua Command Prompt kwa Run as administrator mkaandika net stop spooler, mkafuta, halafu net start spooler, ni kitu kile kile, mie napenda hii ya macho kwa sababu mama mdogo anajifunza pembeni hapa na ameshaandika kwenye daftari.

Sasa printa nayo. Chomoa waya wake wa umeme ukutani kabisa, subiri kama dakika moja, imwage kilichobaki kichwani. Usiishie kwenye kitufe cha kuzimia, printa nyingi ukizizima kwa kitufe bado ziko macho kidogo.

Wakati tunasubiri, hawa wenye magonjwa mengine.

Kama herufi za ajabu zinatoka kwa kila unachoprinti, hata barua mpya ya leo, na karatasi inaanza na kitu kama @PJL, hapo ni driva, ile programu ya kuongea na printa. Kompyuta inaongea lugha printa haiijui. Iondoe printa kwa Remove, nenda tovuti ya aliyetengeneza printa yako, andika modeli kamili ile iliyobandikwa kwenye printa, sio inayofanana fanana, pakua driva uweke upya.

Kama kila ukiwasha kompyuta inasema Offline wakati printa inawaka iko sawa, fungua ile foleni, angalia kwenye menyu ya Printer kama kuna tiki pale Use Printer Offline, itoe. Kwenye Windows 11 mpya hiyo menyu huioni tena, we nenda kwenye wifi moja kwa moja, maana wa wifi mara nyingi shida ni rauta imeipa printa IP mpya, yaani anwani yake kwenye mtandao, baada ya kuzimwa usiku na kompyuta bado inagonga mlango wa zamani. Dawa ni kuingia kwenye rauta na kuifungia printa IP moja isibadilike, halafu kwenye Printer properties, upande wa Ports, unaongeza Standard TCP/IP Port yenye namba hiyo. Hilo ni somo refu, nitalifanyia video yake.

Na kama kompyuta inakuchagulia printa nyingine au inakupa faili la PDF badala ya karatasi kila siku, rudi Printers & scanners, zima pale palipoandikwa Let Windows manage my default printer, maana hiyo inafuata printa uliyotumia mwisho, halafu uchague yako mwenyewe.

Dakika imeisha. Jambo moja kabla ya kujaribu: usitumie Shut down, tumia Restart. Windows za sasa nyingi zina kitu kinaitwa Fast startup, ukizima kwa Shut down mfumo haulali kabisa, unahifadhi hali yake na madriva kwenye diski ili uwake haraka, kwa hiyo unaweza kuzima na kuwasha mara kumi ukidhani umeanza upya kumbe unaendelea ulipoachia. Restart ndio inaanza upya kweli.

Haya, napiga Restart. Karatasi nimerudisha tatu tu, mama mdogo amekataa nisiweke zaidi. Inawaka… naandika paswedi… kimya. Sasa narudisha umeme wa printa, narudisha USB… huo mlio wa kuguruma na kutingisha kichwa kushoto kulia ni wa kawaida, printa ya wino ikiwaka inajipanga, usiiogope. Tusubiri… taa imetulia. Haijavuta karatasi.

Sasa nafungua Notepad, naandika neno moja, "jaribio", Ctrl na P, Print. Inavuta… inatoka. Jaribio. Neno moja, karatasi moja, na foleni ukiiangalia haina kitu.

Mama mdogo anauliza zile karatasi zenye kamstari juu atazifanyaje. Nyuma ni nyeupe, anasema atazikata wakoroge hesabu za darasa la pili.