Uyoga: Kwanza Maji Yatoke

Ndugu zangu, habari za jioni. Naona wengine mmeshashika kalamu mkisubiri niwatajie viungo. Ziwekeni chini kidogo. Uyoga wetu haukosi viungo, unakosa moto.

Karibu asilimia 90 ya uyoga mbichi ni maji. Sasa sisi tunapikaje? Tunakaanga kitunguu, nyanya, karoti na hoho, halafu tunamimina uyoga wote juu yake na kufunika sufuria. Maji yanatoka, hayana pa kwenda, na uyoga unachemkia humohumo. Maji yanayochemka hayavuki nyuzi 100, lakini ile rangi ya kahawia yenye harufu ya kuita majirani inahitaji nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo kikaango kikiwa bado na maji, kukaanga hakujaanza, hata ukikaa jikoni mpaka magharibi.

Fanyeni hivi. Uyoga wa mamama, ule uitwao oyster kwa Kiingereza, uchaneni kwa mkono, ukifuata nyuzi zake. Kikaango kiwe kipana na kipate moto hasa, kisha tieni uyoga kidogokidogo, bila mafuta, bila mfuniko. Maji yatajaa. Msiyamwage, ladha imo humo, acheni yakaukie. Mlio wa kuchemka ukikoma, ukaanza ule wa kitu kinachokaangika, hapo ndipo mnatia mafuta, chumvi na kitunguu saumu. Tui zito lije mwisho kabisa, lichemke kidogo, kamulieni ndimu, epueni. Anayetanguliza tui anapata mchuzi wenye vipande vinavyoteleza, kisha anasema watoto wake hawapendi uyoga!

Mama hapa mbele anauliza kama moto wote huo hautaurojesha. Hapana, mama. Kuta za seli za uyoga zina kitini, kitu kilekile kilichomo kwenye maganda ya kamba na kaa tunaowanunua Feri. Moto wa jikoni haukivunji, ndiyo maana mchicha unalegea kwa dakika chache na uyoga bado unatafunika.

Kuosha msikuogope. Suuzeni upesi, kung'uteni, msiloweke tu. Na kwa joto hili la Dar, uyoga uliofungiwa kwenye plastiki unatoa jasho na kuanza utelezi. Uhamishieni kwenye mfuko wa karatasi, uingie kwenye friji.

Mkavu ndio uloweke, kwa maji ya uvuguvugu. Yale maji chujeni mchanga, mpikie supu au maharage. Mimi huyathamini kuliko vile vidonge vya supu vya dukani.

Nimeulizwa pia kuhusu uyoga wa porini. Wako wazee wanaoujua, wamerithishwa, sibishani nao. Wewe usiyeujua, nunua wa kupandwa. Sumu ya Amanita phalloides, uyoga wa porini unaoua, haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha, na dalili zake huchelewa, mara nyingi saa 6 hadi 24 baada ya kula, ini likiwa tayari linaumia. Ile habari ya kutumbukiza kijiko cha fedha kwenye sufuria kuona kama kitageuka cheusi ni uzushi mtupu. Aliyekula akaanza kutapika apelekwe hospitali mara moja, na uyoga uliobaki uende naye.

Haya, kikaango kimeshapata moto. Wawili wenu waje wachane mamama, nami nikakate ndimu.