Jinsi ya kuangalia muvi za vikaragosi za zamani kwenye diski ya 4K bila TV kukuharibia

Haya wadau karibuni tena. Leo sifungui simu wala sabufa, leo tunaweka diski, na najua kuna mtu kashaanza kucheka huko, cheka tu ndugu yangu mimi nasubiri. Watu wanaochukua pleya hapa dukani wananirudia na swali lile lile, "kaka mbona 4K yenyewe inaonekana kama tamthilia ya saa mbili usiku?" Diski haina shida jamani, TV yako ndiyo inajifanya fundi, na leo tunainyang'anya hiyo kazi.

Mpwa wangu ndo yuko kwenye kamera, shule zimefunga, kwa hiyo picha ikicheza mvumilieni.

Mezani hapa nina tatu. The Dark Crystal ya 1982, Labyrinth ya 1986 ile ya mwimbaji David Bowie na vibwengo wanaoiba mtoto, na The Muppet Christmas Carol ya 1992, hii ni Blu-ray ya kawaida. Hizi mbili za kwanza ni za Jim Henson mwenyewe, Dark Crystal aliongoza pamoja na Frank Oz, na hii ya tatu aliongoza mwanaye Brian maana mzee alifariki 1990. Zote vikaragosi, mikono ya watu, sponji, vitambaa, waya na mota. Na hiyo ndo sababu nataka muzione vizuri, kwa sababu kikaragosi ni kitu kilichoshonwa, sasa kama huoni mshono umeangalia nini?

Twende kwenye kununua. Geuza kava. Watu wanaangalia mbele wanaona Bowie kapendeza wanalipa, geuza kwanza uone nyuma. Kama ni DVD utaona kaalama ka dunia na namba ndani, hiyo ndo rijioni, yaani eneo la dunia ambalo diski inaruhusiwa kucheza, sisi huku Afrika Mashariki ni 5, Uingereza 2, Marekani 1. Kama ni Blu-ray ya kawaida utaona herufi, na hapa tuna bahati maana Afrika na Ulaya wote tuko B, kwa hiyo shangazi akikuletea Blu-ray kutoka London inapiga kwenye pleya iliyouzwa huku bila maneno, ila ya Marekani ni A, itakugomea labda pleya yako iwe imefunguliwa rijioni zote. Diski ya 4K yenyewe, hii ya Ultra HD, haina rijioni, inunue popote. LAKINI, ngoja, sogeza kamera hapa, hizi boksi za 4K mara nyingi zina diski mbili ndani, moja 4K na nyingine Blu-ray ya kawaida, na hiyo ya pili ndo inaweza kufungwa rijioni. Usije ukaweka hiyo ikagoma ukanitumia vois note ya dakika nne.

DVD za zamani kama unazo tunza, sikukatazi, ila jua kitu kimoja. Sinema imepigwa fremu 24 kwa sekunde, sasa DVD za PAL, yaani mfumo wa TV wa Uingereza na huku kwetu, zinakimbizwa fremu 25, kwa hiyo muvi inawahi kuisha kwa asilimia 4 hivi na sauti mara nyingi zinapanda kidogo. Labyrinth ya dakika 101 inakuwa kama 97. Bowie anaimba kama ana haraka ya daladala. Kwenye Blu-ray na 4K inarudi 24 na sauti yake inarudi kifuani.

Na pleya. PS4 haisomi diski ya 4K, PS4 Pro nayo haisomi, msibishane na mimi kwenye komenti. PS5 yenye sehemu ya diski inasoma, Xbox Series X inasoma, Xbox One S inasoma. Au pleya ya Ultra HD kama hii hapa, ambayo ndiyo, naiuza, bei iko chini ya video.

Haya tufungue. Nailoni tunachana, kisu weka pembeni tumia kucha.

Sasa hapa naomba kila mtu anyamaze. Mpwa wangu njoo karibu, karibu zaidi, hapana umeleta kivuli, rudi. Hapo. Mnaona haya meno ya plastiki katikati, yanayoshika diski kwenye tundu? Usivute diski kwa ukingo. Narudia, usivute kwa ukingo. Diski ya 4K inabeba mpaka GB 100 kwenye matabaka matatu, na ukiivuta kwa ukingo meno yakiwa yamebana inapinda kama upinde, ufa unaanzia pale tundu, mdogo kama unywele, utaona muvi inacheza vizuri dakika arobaini halafu inaganda Sarah, yule binti wa Labyrinth, akiwa katikati ya sentensi. Na hapo hakuna dawa ya meno wala toto wipe itakayokusaidia, hizo ni za mikwaruzo, ufa ni ufa. Kwa hiyo kidole hiki unabonyeza hapa katikati juu ya meno, unabonyeza mpaka usikie "ta", umesikia? Ndipo unainua. Ikikataa bonyeza tena. Usivute.

"Mjomba imegoma kufokasi."

Hiyo diski inang'aa, simu inajiona yenyewe. Gusa kwenye skrini hapo kwenye meno. Haya imekuja. Kidole katikati, bonyeza, "ta". Kama kava lako ni lile la bati ndo yanabana kuliko yote, yaani hapo uwe na subira ya mvuvi.

Diski ndani, tufunge, waya wa HDMI, huu unaoandikwa 18 Gbps, ule uliokuja na king'amuzi achana nao, choma plagi, washa... Na hakuna kitu. Skrini nyeusi. Nzuri hiyo, wala sikati hii video maana na wewe itakukuta. Hii TV nimeiazima kwa jirani kwa ajili ya shuti na tundu lake la HDMI bado liko kwenye setingi ya zamani. Hapa chukua rimoti, ingia setingi, tafuta HDMI. Kila kampuni ina jina lake: LG wanaita HDMI Ultra HD Deep Colour, Samsung wanaita Input Signal Plus, Sony wanaita Enhanced format. Washa kwenye tundu lile lile ulilochomeka pleya, maana watu wanawasha la kwanza na waya uko la pili. Skrini itazima kidogo, usiguse kitu... tulia... hiyo hapo. Na juu pale pamejitokeza HDR, yaani mwanga na rangi pana zaidi, umeona? Bila ile setingi usingeiona, hata kama diski ni ya laki.

Sasa kwenye roho ya video. Nimeweka Labyrinth, na nimeacha TV kama ilivyotoka dukani ili muone ubaya kwanza. Angalia Bowie anavyotembea. Anateleza! Kama yuko kwenye mafuta. TV inaona fremu 24, inaona hazitoshi, inatunga zingine za uongo katikati. Kwenye mpira sawa, kwenye kikaragosi ni msiba, kwa sababu mtu aliyeko chini na mkono wake ndani ya kile kichwa alipima kila mtikisiko, sasa TV inamlainishia kazi yake bila kumuuliza. Zima. LG ni TruMotion, Samsung ni Auto Motion Plus, kwenye mpya Picture Clarity, Sony ni Motionflow. Kama TV yako ina Filmmaker Mode weka hiyo, inazima takataka nyingi kwa mpigo. Kama haina, weka Cinema au Movie halafu uzime kwa mkono.

Ukali wa picha, huu wa "Sharpness", shusha. Shusha zaidi. Unaona ile mistari myeupe kwenye ukingo wa pua ya kibwengo ilivyopotea? Haikuwepo kwenye muvi. Na ile ya kupunguza nukunuku, "Noise Reduction", zima kabisa, na hapa ndo tunagombana na wateja. Mtu ananiambia kaka muvi ina chenga. Siyo chenga hizo. Hizi diski za 4K walirudi kwenye filamu yenyewe ile iliyopita ndani ya kamera, wakaiskani kwa 4K, wakafuta mikwaruzo na vumbi, wakapanga rangi upya, na chembechembe unazoziona ndo filamu yenyewe. Picha iko ndani ya chembechembe. Ukizifuta, unafuta na ngozi ya Hoggle, yule kibete wa Labyrinth.

Huyu hapa Hoggle, nimesimamisha. Angalia shavu lile. Ndani ya mwili kuna mtu, Shari Weiser, ila uso hauendeshi yeye, uso una mota na nje kuna watu wanne wanauendesha kwa redio, mmoja wao Brian Henson ambaye ndo sauti pia. Sasa angalia nikiwasha ile ya kupunguza nukunuku... uso umekuwa sabuni. Zima... makunyanzi yamerudi, vinyweleo vya nyusi vimerudi. Mpwa wangu umeona? Eti "anatisha sasa." Ndo walivyotaka!

Kingine, hapa ndo penyewe napopapenda. Bowie anazungusha ile mipira ya kioo mkononi. Mkono huo siyo wake. Ni wa Michael Moschen, bingwa wa hiyo michezo, kajibana nyuma ya Bowie, kapitisha mkono wake mbele na haoni chochote. Kwenye DVD nilikuwa naamini tu. Kwenye 4K angalia bega, halafu angalia kiwiko, halafu niambie kama vinajuana.

Kuna wanaosema usafi huu unaharibu, unaonyesha vijiti vya mikono ya Kermit, yule chura wa Muppet. Mimi naona heri. Kermit wa kwanza kabisa, 1955, Henson alimtengeneza kwa koti kuukuu la mama yake na macho ya mpira wa ping-pong, hajawahi kuficha kuwa ni kitambaa. Mtoto akiona kijiti anapiga kelele mara moja halafu anakisahau.

Ya Dark Crystal sitakaa sana, hakuna sura ya binadamu hata moja kwenye skrini mwanzo mpaka mwisho na ina giza kweli, so zima taa na usipandishe mwanga wa TV, basi.

Ila Muppet Christmas Carol lazima niwatahadharishe. Kuna wimbo unaitwa When Love Is Gone, uliondolewa kwenye toleo la majumba ya sinema, ukabaki kwenye kanda za VHS. DVD ya 2005 inao lakini kwenye picha iliyokatwa ya mraba, Blu-ray ya 2012 haina kabisa. Filamu yake halisi ilidhaniwa imepotea mpaka 2020 Brian Henson aliposema imepatikana, na Desemba 2022 ikawekwa Disney+ ikiwa kamili na safi, kwenye sehemu ya ziada. Kwa hiyo ukinunua ile Blu-ray ya 2012 Michael Caine, mwigizaji mkuu, akafika mwisho akaimba wimbo ambao huelewi umetokea wapi, ndo huo, ule wa kwanza wamekata. Mimi hii Blu-ray ninayo na ninaiuza, na bado nakwambia.

Kumaliza, kurudisha diski. Shika kwa ukingo na tundu, usiguse uso. Kama ina vumbi futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Iweke juu ya meno, bonyeza kuzunguka tundu mpaka "ta". Na kesho ukiitoa, kidole wapi? Katikati! Mpwa wangu kajibu kabla yenu.

Swali la rijioni niulize kwenye komenti, ila tuma picha ya nyuma ya kava. Ya nyuma. Bowie nishamuona.