Wanga Kidogo, Mfuko Usiotoboka

NEEMA: Karibuni tena kipindini. Leo tunazungumzia mlo wa wanga kidogo, yaani wa kupunguza nafaka, viazi na sukari, na tuanze na lawama. Kaka Hamisi, wasikilizaji wanasema huu ni mlo wa wenye nacho. Nyama kila siku, unga wa lozi, jibini. Nani anaweza?

HAMISI: Lawama hiyo ina ukweli wake, dada. Nafaka na viazi ni kalori za bei rahisi kuliko karibu vyakula vyote. Ukivitoa vyote, njaa haitoki pamoja navyo. Utajaza pengo kwa kitu kingine, na hicho mara nyingi kina bei kubwa zaidi. Anayekwambia gharama haibadiliki anakudanganya. Ila nani kasema uvitoe vyote?

NEEMA: Mitandao imesema!

HAMISI: Mitandao inapenda gramu 20 za wanga kwa siku. Hiyo ni keto, aina kali zaidi ya mlo huu, ambayo kwa kawaida huwa kati ya gramu 20 na 50. Watafiti wengi huhesabu chochote kilicho chini ya gramu 130 kwa siku kuwa wanga kidogo. Sasa ona nafasi iliyopo kati ya 50 na 130. Humo kiazi kinabaki, maharage yanabaki, na bajeti inapumua.

NEEMA: Kwa hiyo ulegevu wenyewe ndio unaookoa hela.

HAMISI: Ndiyo hasa. Mwenye masharti makali ananunua mkate maalumu, biskuti maalumu, chokoleti maalumu. Mimi hivyo vitu sivipendi hata kidogo. Unalipa zaidi upate mkate unaojifanya si mkate.

NEEMA: (anacheka) Haya, nipe hesabu ya siku moja. Na isiwe ya kwenye karatasi tu.

HAMISI: Kikombe cha wali uliopikwa kina takriban gramu 45 za wanga, na mwenye njaa hupakua viwili vitatu bila kutambua. Wewe pakua nusu kikombe, hizo ni kama 22. Weka nusu kikombe cha maharage, 20 hivi, na sehemu nzuri ya hizo ni nyuzinyuzi. Ndizi moja ya wastani, 27. Glasi ya maziwa, 12. Ongeza mboga za majani za kutosha, na bado uko chini ya 100. Yai halijafika hata gramu moja, kwa hiyo mayai sijayahesabu.

NEEMA: Na soda?

HAMISI: Kopo moja la mililita 330 ni kama gramu 35. Theluthi ya siku yako imekwenda na bado una njaa. Ndiyo maana huwa nasema kazi ianze kwenye vinywaji. Acha soda, acha juisi za sukari, punguza sukari kwenye chai. Hapo hujanunua kitu kipya hata kimoja, na matumizi yameshuka.

NEEMA: Hiyo nimeipenda. Tuje kwenye protini, maana huko ndiko hela zinakokwenda.

HAMISI: Nunua kuku mzima, achana na minofu ya kifua. Mapaja yana ladha kuliko kifua, na mifupa unachemsha supu. Samaki wa kopo. Karanga, ila pima, maana mkono ukishazoea bakuli hausikii. Maini pia, lakini kwa kiasi, mara moja kwa wiki inatosha, na mjamzito ayaache kwa sababu yana vitamini A nyingi mno.

NEEMA: Mboga je? Watu wanadhani mlo huu ni sahani ya nyama tupu.

HAMISI: Kabichi, dada. Inakaa siku nyingi bila kuharibika, inajaza sahani, na inakubali kukaangwa na karibu kila kitu. Nusu ya sahani iwe kabichi, mchicha, bilinganya, chochote kilicho kwenye msimu. Bila hivyo tumbo litafunga na utalaumu mlo.

NEEMA: Sasa swali la uchokozi. Watu wanapungua kilo kadhaa wiki ya kwanza, wanapiga picha. Ni mafuta hayo?

HAMISI: Mengi ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na maji ya takriban gramu tatu. Akiba ikishuka, maji yanatoka. Figo nazo huachia chumvi zaidi, ndiyo maana wengine huumwa kichwa siku za mwanzo. Kikombe cha supu yenye chumvi kidogo husaidia, isipokuwa kama daktari amekukataza chumvi.

NEEMA: Na baada ya hapo? Inashinda mlo wa mafuta kidogo?

HAMISI: Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha utafiti wa watu 609 kwa miezi 12. Wa mafuta kidogo walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kidogo kilo 6. Kitakwimu, ni sare.

NEEMA: Basi kwa nini nijisumbue?

HAMISI: Kama unapenda wali kuliko mayai, usijisumbue! Makundi yote mawili yaliambiwa wale mboga nyingi na wapunguze sukari na unga uliokobolewa. Mimi nachagua wanga kidogo kwa sababu protini inanishibisha, sichokonoi chakula kila saa.

NEEMA: Kuna wa kuambiwa wasubiri kwanza?

HAMISI: Wapo. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aongee na daktari kabla hajagusa sahani. Akipunguza wanga na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Wa dawa za presha pia, kwa sababu presha nayo inaweza kushuka.

NEEMA: Na mwenye mwaliko wa harusi Jumamosi?

HAMISI: Ale. Jumapili arudi kwenye kabichi yake.

NEEMA: Wiki ijayo tunajibu maswali yenu kuhusu mafuta ya kupikia. Tumeni mapema, Hamisi hujibu kwa urefu.