Deni la Bomba na Deni la Gari

Assalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni. Karibuni ndani, viti vipo.

Wengi wenu mmeshanisikia katika jambo hili. Nitaanzia San Francisco tena, kwa sababu kila ninapotaja kaunti kukopa ili ijenge vituo vya zimamoto, mtu huinuka akaniambia: "Wanunue magari mawili, yaishe." Leo nataka tulimalize hilo neno "yaishe".

Mji wa San Francisco, kule Marekani, umezungukwa na maji pande tatu, kama mtu aliyeketi baharini. Mkuu wao wa zimamoto, Dennis Sullivan, alidai kwa miaka mji ujengewe mfumo wa pili wa maji, wa kuzimia moto peke yake. Hakupewa. Tarehe 18 Aprili 1906, saa 11 na dakika 12 alfajiri, ardhi ikatetemeka. Dohani ya hoteli ya jirani ikaporomokea kituo alimokuwa amelala, naye akafa siku nne baadaye. Vijana wake wakatoka na magari yao ya kukokotwa na farasi. Magari walikuwa nayo! Wakafunga mipira kwenye mabomba ya mtaani, wakafungua. Mahali pengi hapakutoka kitu, kwani mabomba makuu yalikuwa yamekatika chini ya ardhi. Moto ukala mji siku tatu. Majengo kiasi cha 28,000 yakaangamia, na waliokufa kwa tetemeko na moto, watafiti wa leo wanakadiria wamepita 3,000.

Bomba moja dogo la kuzimia moto, pembeni mwa barabara ya Church na ile ya 20, juu kilimani, lilibaki na maji. Raia wakasaidiana na farasi kuburura gari la zimamoto kupanda kile kilima, na kwa bomba hilo wakaunusuru mtaa wa Mission. Mpaka leo, kila tarehe 18 Aprili kabla ya jua kuchomoza, watu hupanda pale na kulipaka rangi ya dhahabu. Hulipaka bomba. Hakuna anayelipaka gari.

Sasa sikilizeni tarehe, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia. Mwaka 1908 wapiga kura wa mji ule waliidhinisha mkopo wa dola milioni 5.2. Kufika 1913 wakawa na hodhi la galoni milioni 10.5 juu ya kilima cha Twin Peaks, maji yanashuka kwa uzito wake bila kungoja umeme, na chini wana vituo viwili vya kuvuta maji ya bahari. Ni jambo lilelile alilokuwa akilidai Sullivan. Wamelipa deni baada ya kuzika, ilhali wangeweza kulipa deni bila kuzika.

Mtaniambia, hao ni Wamarekani na sisi hatuna matetemeko. Kwetu ni nadra, lakini tuna mapaa ya makuti. Katika mji niliokulia, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwetu ilishika moto baada ya swala ya Isha. Gari la zimamoto lilikuja, na lilikuja mapema, sitawasingizia watu. Likamwaga maji, moto ukaanza kunywea, tukapiga takbiri. Kisha mpira ukalegea mkononi mwa yule kijana wa zimamoto kama nyoka aliyekufa. Maji yamekwisha. Gari likaondoka kwenda kuteka. Kina mama wakajipanga kutoka kisima cha msikiti, ndoo kwa ndoo, na mimi nina sufuria ya wali mkononi imejaa maji, nangoja zamu yangu. Cheche zikaruka kwenye paa la pili, kisha la tatu. Gari liliporudi, hakukuwa na cha kuzima.

Hesabu yake ni nyepesi. Gari limebeba lita 5,000. Mpira unatoa lita 500 kwa dakika. Una dakika 10. Baada ya hapo mwokozi wako ni bomba lililo mtaani, au hapana. Na vichochoro vyetu vya Mji wa Kale, niambieni gari gani litapita? Kule unahitaji mabomba ya ukutani na mipira iliyowekwa tayari.

Kwa hivyo napingana na wanaosema tusikope kabisa, na napingana vilevile na wanaotaka tukope magari. Deni la miaka 20 kwa gari litakalochoka baada ya 10, mjukuu wako atalipia chuma chakavu. Bomba ni jingine: mengi ya yale ya 1913 yangali ardhini yanafanya kazi. Na hili silitoi kichwani mwangu. Katiba yetu, Ibara ya 201, inataka mzigo na manufaa ya mikopo ya umma vigawanywe kwa haki baina ya kizazi hiki na vijavyo. Ukimwachia mtoto deni, mwachie na bomba.

Najua swali la riba liko midomoni mwenu, na ni swali la haki. Hata mimi siitaki. Lakini hatulazimiki. Mwaka 2023 hapa Kenya ilitoka hatifungani ya Kiislamu, yaani karatasi ya mkopo isiyo na riba, iitwayo Linzi, ya shilingi bilioni 3, kwa ajili ya kujenga nyumba. Njia ipo, basi tuidai.

"Pesa zitaliwa." Huenda. Ndiyo sababu nawaambia tudai karatasi kwanza. San Francisco walirudi kwa wapiga kura mwaka 2010 wakiomba dola milioni 412.3, mwaka 2014 milioni 400, na mwaka 2020 milioni 628.5, kwa vituo vya zimamoto, polisi na mabomba hayo ya maji. Kila mara walihitaji theluthi mbili ya kura, na kila mara walizipata. Kabla ya kura, mpiga kura hupata kijitabu: kiasi gani, kitajengwa nini, kodi ya nyumba yake itapanda kwa kadiri gani, na maneno ya wanaopinga yamechapishwa humohumo. Baadaye kamati ya wananchi hukagua matumizi.

Kwetu raia hapigi kura hiyo. Ibara ya 212 inasema kaunti haikopi mpaka serikali kuu iweke dhamana na bunge la kaunti likubali. Lakini Ibara ya 196 inalilazimu bunge hilo litushirikishe. Kwa hivyo kijitabu chetu tutakidai kwa mwakilishi wa wadi, kabla hajainua mkono.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Polisi si kazi ya kaunti. Mkiona kituo cha polisi ndani ya mkopo wa kaunti, ulizeni. Zimamoto ni kazi ya kaunti, Jedwali la Nne la Katiba. Mishahara hailipwi kwa mkopo wa maendeleo, sheria ya fedha za umma ya 2012 imekataza, kwa hivyo ulizeni wazimamoto wa kituo kipya watalipwa kutoka fungu gani; kituo bila watu ni ghala. Nilikuwa na la kusema juu ya ambulensi, nitaliacha.

Yule mama wa leso ya manjano ameinua mkono tangu nilipotaja makuti. Mpeni kipaza sauti.