Bitana ya Mgongo wa Upinde

Mabibi na mabwana, ndugu mafundi, karibuni. Leo tunazungumzia ule utando unaogundishwa kwenye mgongo wa upinde wa mbao ili usivunjike. Nitauita bitana, na fundi cherehani aliyemo humu ana haki ya kunicheka, maana bitana ya koti hukaa ndani na hii yetu hukaa nje. Tuelewane pia kuhusu pande: mgongo ni upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaokutazama wewe unayevuta.

Upinde ukivutwa, mgongo hunyooshwa na tumbo hubanwa. Katikati ya unene kuna mstari usionyooshwa wala kubanwa, na kadiri uzi wa mbao unavyokaa mbali nao ndivyo unavyoteseka. Kwa hiyo ile milimita moja ya juu kabisa ya mgongo ndiyo inayobeba mzigo kuliko zote. Mbao nyingi hukatika zikinyooshwa kwa takribani asilimia 1 tu ya urefu wake. Na zikikatika, huanza na kibanzi kimoja: uzi uliokatwa na randa unakosa mwendelezo, ncha yake inainuka, ufa unaingia chini yake, na upinde unakwenda vipande viwili.

Ndiyo maana fundi anayechonga kutoka kwenye gogo hufuata pete moja ya mwaka kutoka ncha hadi ncha bila kuikata. Anayechonga kutoka kwenye ubao wa kununua hana bahati hiyo, kwani msumeno ulishaamua. Kama nyuzi zinaanza ukingo mmoja wa ubao na kutokea ukingo wa pili baada ya shubiri mbili tatu, hakuna bitana nyembamba itakayouokoa upinde huo. Kama zinakwenda sawa isipokuwa sehemu chache, hapo bitana ina kazi: kuvilaza vibanzi visiinuke. Kuvitafuta ni rahisi. Chukua pamba kidogo, ipitishe juu ya mgongo kutoka mshikoni kwenda nchani, kisha urudi. Panaponasa pamba, pana uzi uliokatwa.

Bitana haitibu mpindo mbaya. Mkono wa upinde, yaani nusu yake kutoka mshikoni hadi nchani, ukiwa na sehemu dhaifu unapinda hapo tu, na utaendelea kupinda hapo hapo ukiwa na ngozi juu yake. Sikio la kufa halisikii dawa. Sawazisheni mpindo kwanza: simamisha ncha sakafuni, sukuma mshikoni, na mkono wote upinde kwa ulaini bila kona. Ukifika hapo ndipo uvike ngozi au kano. Ubao na mwanzi vikiwa bitana ni habari nyingine; hivyo hugundishwa kabla ya kuanza kusawazisha, kwa sababu ugumu hupanda kwa mchemraba wa unene. Mkono wa milimita 10 ukiongezwa hadi 11 kwa mbao ileile, ugumu wake hupanda kwa takribani theluthi moja. Kazi yote ya kusawazisha uliyofanya kabla inafutika.

Tuanze na ngozi, kwa kuwa kwa anayeanza sioni kinachoishinda. Ninasema ngozi mbichi iliyokaushwa bila kudabighiwa. Ngozi iliyodabighiwa ni laini, inanyumbuka bila kushika chochote, hiyo iacheni kwa viatu. Ya mbuzi yenye unene wa nusu milimita hivi inatosha. Ya ng'ombe iliyo nene hufaa upinde mzito tu, na uzito wake kwenye ncha hupunguza kasi ya mshale.

Upinde wa sentimita 170 wenye upana wa sentimita 4 unahitaji vipande viwili vya ngozi, kila kimoja urefu wa sentimita 90 na upana wa 5.5. Vitapandana kwa sentimita 5 au 6 mshikoni, ambako upinde haupindi, na kinachobaki kitokeze nchani. Visikutane kamwe katikati ya mkono. Upana wa ziada unatakiwa kwa sababu ngozi husinyaa ikikauka. Ukiikata sawasawa na mbao, kesho utaikuta imerudi ndani na kuacha kingo wazi.

Upande uliogusa nyama upigeni msasa ikiwa ngozi bado kavu, uosheni kwa sabuni, suuzeni vizuri. Mafuta yakibaki, gundi haishiki. Kisha lowekeni kwenye maji ya kawaida, saa moja au zaidi, mpaka ilegee kama kitambaa. Maji ya moto ni marufuku, kwani ngozi hujikunja na kuiva, na ikishaiva imekwisha. Wakati inalowa, kwaruza mgongo wa upinde kwa urefu kwa meno ya msumeno wa chuma, futa vumbi, pitisha spiriti, usiguse tena kwa vidole.

Gundi nyeupe ya mbao inafaa. Epoksi haifai hapa, haishiki kwenye kitu kilicholowa. Paka mbao safu nyembamba, subiri inywe, paka ya pili. Kausha ngozi kwa taulo isichuruzike, ilaze upande wa nyama ukiwa chini, anza mshikoni na sukuma kwa kiganja kuelekea nchani ili hewa na gundi ya ziada vitoke. Usiivute kwa nguvu. Ilivyolala ndivyo ilivyo, kwa kuwa kukauka kwenyewe kutaikaza. Kisha zungushia bendeji ya kitambaa yenye kubana kutoka mwisho hadi mwisho. Plastiki inafungia unyevu ndani, msiitumie.

Baada ya saa 24 fungua bendeji na uguse mgongo wote kwa kucha. Palipoungana hutoa mlio mkavu wa mbao. Penye hewa mlio ni butu, wa kitu kilicho tupu. Hapo pasua kwa wembe kwa urefu wa nyuzi, ingiza gundi kwa sindano ya plastiki, kandamiza tena. Usipasue kwa upana hata kidogo.

Halafu subira, na hapa ndipo pinde nyingi huharibikia. Gundi imeshika, fundi ana hamu, anafunga ugwe siku ya pili. Lakini mbao imekunywa maji kutoka kwenye ngozi, na mbao yenye unyevu tumbo lake hukubali kubanwa lisirudi. Upinde unabaki umeinama hata ukiuvua ugwe. Dawa ni mizani ya jikoni: pima upinde kwa gramu kila siku saa ileile, na usiuguse mpaka uzito ukae palepale siku tatu mfululizo. Ukikauka, ondoa ngozi ya ziada kwa tupa, ukiisukuma kutoka mgongoni kwenda tumboni. Ukisukuma kinyume utaibandua.

Sasa kano. Ngozi inalinda tu. Kano zinafanya kazi. Zinanyooka mara kadhaa zaidi ya mbao kabla ya kukatika, na zikikauka husinyaa na kuurudisha upinde nyuma, kuelekea mgongoni. Ndizo zinazowezesha upinde mfupi kuvutwa mbali. Zimetumika kwa pinde za Waturuki na Wamongolia pamoja na pembe tumboni, na kwa pinde fupi za wenyeji wa Amerika Kaskazini juu ya mbao tupu.

Kano za mguu zilizokauka hupondwa kwa nyundo ya mbao. Nyundo ya chuma yenye kona hukata nyuzi. Zichambueni, mzichane, mzifunge mafungu yenye unene wa penseli. Gundi iwe ya ngozi, yaani iliyopikwa kutokana na ngozi ya mnyama: sehemu 1 ya chembe kwa 2 za maji kwa uzito, iloweke usiku kucha, kisha ipashwe ndani ya chungu kilichokaa kwenye maji ya moto, nyuzijoto 60 hivi. Ikipita 70 inapoteza nguvu. Mbao ipakwe kwanza gundi nyepesi mara tatu, ikauke kila mara.

Fungu lilowe kwenye maji, likamuliwe, liingie kwenye gundi, kisha upitishe kati ya vidole viwili mpaka liwe bapa kama utepe na gundi isidondoke. Likilazwa, liungane na lenzake kama matofali, kiungo kisipate kiungo kingine pembeni yake. Safu mbili zinatosha pinde nyingi; kati yao ziacheni wiki moja, na baada ya ya mwisho mwezi mmoja au zaidi. Tena mizani ndiyo hakimu. Kano na gundi ya ngozi havipatani na unyevu, kwa hiyo vanishi ni lazima, safu nne tano nyembamba.

Kitambaa cha kitani au hariri hupakwa kama ngozi, kikiwa kimekatwa nyuzi zifuate urefu wa upinde. Ni chepesi, na ulinzi wake ni wa kiasi.

Mwanzi una nguvu mno mgongoni. Tumia utepe wa milimita 3, ganda la nje lisikwanguliwe zaidi ya ile nta ya juu, vibanio kila sentimita 5. Tatizo lake huonekana upande wa pili: mgongo haukubali kunyooka, tumbo linabeba adhabu yote na kupondeka. Ndiyo maana mafundi huchonga mgongo uwe na upana mdogo kuliko tumbo, mkono ukikatwa uonekane kama trapeza.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya kuvuta, macho yawe tumboni, chini ya taa inayomulika kwa pembeni. Vuta nusu mara 30, ongeza sentimita chache, angalia tena. Ukiona kistari kinachokatiza nyuzi, kama mkwaruzo wa ukucha, vua ugwe papo hapo. Usikikwangue. Kwangua mbao ya pande zake mbili ili nazo zipinde, na ile sehemu ipumzike.