Pensheni ya aliyejiajiri huanzia kwenye hesabu zake za kodi

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Niliombwa nizungumzie pensheni kwanza, kodi baadaye. Mniwie radhi, nitayasema yote kwa pamoja, maana kwa fundi, mkulima, wakili wa kujitegemea au mwenye duka, mambo haya mawili hayaachani.

Mwajiriwa hukatwa mchango kabla mshahara haujamfikia mkononi, na mwajiri naye huongeza wake. Aliyejiajiri hana wa kumkata wala wa kumwongezea. Mifuko mingi ya pensheni ilianza kwa kumtazama mtu wa mshahara. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1889, iliyompa pensheni mzee wa miaka 70, iliwalenga wafanyakazi wa ujira. Marekani ilifika mwaka 1962 ndipo ikapitisha sheria ya kuwapa waliojiajiri mpango wa pensheni wenye nafuu ya kodi, na mwanzoni nusu tu ya mchango ndiyo iliyopata nafuu hiyo.

Nafuu yenyewe ni ipi? Kodi inaweza kukukuta unapoweka fedha, zinapozaa, au unapozichukua. Nchi nyingi husamehe hatua mbili za mwanzo, zikatoza ya mwisho. Watu hufurahia ule msamaha wa kwanza kwa sababu wanauona mwaka huohuo. Mimi nawaomba muutazame sana wa pili. Chukua mtu anayeweka 1,000 kila mwezi kwa miaka 30, faida ikiwa asilimia 6 kwa mwaka. Ametoa 360,000 mfukoni mwake. Faida isipotozwa kodi, atakuta kama 1,004,000. Faida hiyohiyo ikikatwa asilimia 30 kila inapoingia, atakuta kama 719,000. Hakufanya uzembe wowote, aliweka tu mahali pasipo na msamaha. Na akichelewa miaka 10 kuanza, hata kwenye mfuko wenye msamaha atapata kama 462,000, chini ya nusu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Wengi wetu tukijaza ritani, ile taarifa ya mapato tunayopeleka kwa watoza kodi, tunapunguza mapato. Mauzo ya taslimu hayaandikwi, kodi inashuka, tunajiona tumepona. Mbali na kwamba ni kosa kisheria, kuna hasara ambayo hatuambiwi mapema. Mahali ambapo mchango hufuata kipato kilichotangazwa, mafao nayo hufuata kipato hichohicho. Mahali ambapo mchango wenye nafuu una kikomo cha asilimia ya kipato, kikomo chako kinashuka pamoja nacho. Miaka 25 ya kujitangaza maskini inakufanya mstaafu maskini kwenye karatasi, na mfuko wa pensheni hulipa kwa kufuata karatasi. Nimewasikia wazee wakisema wamedhulumiwa, na ukifungua kumbukumbu zao unakuta mfuko umezingatia tarakimu walizoandika wenyewe.

Kuhusu kuchangia kwa mapato yasiyotabirika, sina mengi: weka asilimia ya kila malipo yanayoingia, si kiasi kimoja cha kila mwezi, na akaunti ya kodi iwe mbali na ya matumizi.

Kuchukua ndiko kunakohitaji utulivu. Tuseme kodi ni asilimia 10 kwa 100,000 za kwanza kwa mwaka, na 30 kwa kinachozidi. Mtu asiye na kipato kingine akichukua 500,000 kwa mkupuo, kodi ni 130,000. Akizichukua 100,000 kwa mwaka kwa miaka mitano, jumla ni 50,000. Lakini aliyejiajiri mara nyingi hastaafu siku moja. Anaendelea na kazi mbili tatu za wateja wa zamani. Kazi hizo zikijaza daraja la chini, kila shilingi ya pensheni inaingia daraja la juu. Kwa hiyo, kanuni za mfuko zikiruhusu, chukua kidogo miaka ya kazi nyingi, ongeza kazi inapopungua.

Tena mfuko unaweza kukukata kodi kana kwamba pensheni ndiyo kipato chako pekee. Ritani ya mwaka ikijumlisha vyote, unadaiwa tofauti. Waulizeni mfuko mapema wanakata kwa kiwango gani, na hiyo tofauti muitenge kila mwezi pensheni inapoingia.